Nilikuambia Wewe, Sikuuambia Mtaa

Kazi yangu ya kila siku ni kuchapa na kutoa fotokopi katika duka dogo la steshenari huku Ngamiani, mjini Tanga. Mtu anayekuja kuchapiwa barua aghalabu haji na karatasi iliyoandikwa. Huja na habari yake kichwani, hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kompyuta, kisha hunisimulia jambo lake tangu lilipoanzia, nami huchuja humo mistari kumi au kumi na miwili ambayo mwenyekiti wa mtaa, mwajiri au mahakama itaihitaji. Kwa miaka mingi niliichapa mistari hiyo, na mengine yote nikayaacha yaondoke na mwenyewe. Siku moja mama mmoja alikuja kuchapiwa barua ya kuomba aongezewe muda wa kulipa ada ya chuo ya mwanawe, na kwa dakika arobaini akanieleza jinsi alivyojifunza kupika vitumbua kwa kuchungulia dirishani kwa jirani aliyekataa kumfundisha, akikadiria kwa macho mchele uliolowekwa, nazi na hamira, na jinsi alivyounguza mara tatu kabla ya kupata kitumbua kilichoinuka. Barua ilihitaji maneno mawili tu kutoka katika habari yote hiyo: mfanyabiashara mdogo. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiona kama mtu aliyemwaga chakula kizuri mbele ya wenye njaa.

Hapo ndipo ilipochipukia podikasti yangu, mwaka 2021. Sikuwa na studio wala mfadhili, na sikuwahi kusomea utangazaji. Niliamua kuwahoji watu wa kawaida wa mji wangu, mmoja kila baada ya wiki mbili, nusu saa kila mmoja, juu ya kazi zao na njia iliyowafikisha kwenye kazi hizo. Neno podikasti lilikuwa geni kwa wengi niliowaalika, kwa hiyo niliwaeleza kwamba ni mazungumzo ya barazani yanayorekodiwa, ambayo mtu anaweza kuyasikiliza kwenye simu saa yoyote aitakayo. Walielewa mara moja. Aliyechelewa kuelewa ni mimi, kwani maelezo hayo yana kosa ndani yake, na kosa hilo lilikuja kumuumiza mtu. Barazani unamwona aliyekaa. Akipita usiyemwamini, unanyamaza au unageuza mazungumzo mpaka apite. Anayezungumza mbele ya simu yangu hamwoni anayemsikia.

Nianze na vifaa, kwa sababu ndivyo ninavyoulizwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kabla ya yote nilikwenda kuulizia masuala ya leseni, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, haziwahusu waandishi wa habari peke yao, na ninamsihi anayetaka kuanza asiiruke hatua hiyo. Kisha nikaanza na simu niliyokuwa nayo. Katika kipindi cha pili nilimhoji mvuvi wa ngalawa. Dakika ya kumi na nane mtu alinipigia, kurekodi kukakatika, na sote wawili hatukutambua. Mvuvi akaendelea kunisimulia usiku ambao upepo wa kusi ulimchania tanga, akabaki kupiga kasia hadi alfajiri huku akimwimbia mdogo wake nyimbo za ngoma ili asisinzie. Nilipogundua, nilimwomba arudie. Alirudia kwa moyo mweupe, lakini alichonipa mara ya pili ni muhtasari: upepo ulikuwa mkali, Mwenyezi Mungu akatunusuru, tukafika. Nyimbo hazikuwamo. Simulizi ya mtu haipashwi moto kama kiporo. Tangu siku hiyo huzima mtandao wa simu kabisa kabla ya kuanza, na baadaye nikanunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ambayo huiweka shubiri moja kutoka kidevuni. Ikiwa karibu zaidi pumzi huipiga, ikiwa mbali zaidi chumba chote huingia.

Chumba chenyewe ni stoo ya duka. Nilipokuwa nikilalamika kwamba sina fedha za kukifanya kiwe studio, sikujua kwamba nilikuwa tayari ninayo: katoni za karatasi za A4 zilizopangwa ukutani hadi usawa wa bega humeza mwangwi vizuri kuliko sponji nilizokuwa nikizitamani. Nikaongeza kanga mbili kwenye mlango. Tatizo ni joto. Pangaboi haliwezi kuwashwa kwa sababu ya mvumo wake, na mwezi wa Januari na Februari, kaskazi inapovuma, mzee hawezi kukaa stoo zaidi ya dakika ishirini bila kutoka kupunga hewa. Nimejifunza kupumzika katikati, kutoa maji, na kutouliza lolote la maana wakati wa kunywa maji, maana jambo zuri husemwa hasa wakati huo na maiki haimsikii. Miezi ya masika, mvua inapopiga juu ya bati, sirekodi kabisa. Kunguru wa Tanga nimewazoea, na nadhani wasikilizaji pia wamewazoea.

Sauti ya mwisho huihifadhi katika MP3 ya mkondo mmoja, kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho nusu saa ya mazungumzo huwa megabaiti 14 hivi, ilhali faili ghafi la nusu saa hiyo hiyo hukaribia megabaiti 160. Muziki ungeharibika, lakini maneno ya mtu hubaki safi. Wasikilizaji wangu hawazidi mia nne, na wengi wao hununua bando la siku. Kuwapakulisha faili kubwa ili nionekane mtaalamu kungekuwa kuwatoza fedha kwa ajili ya fahari yangu.

Yaliyonigharimu zaidi ni yale yasiyouzwa dukani. La kwanza ni kumkubalisha mtu kwamba ana la kusema. Karibu kila mgeni wangu wa mwanzo alinijibu kwa maneno yale yale: "Mimi nina nini cha kusema, mwanangu? Nenda kamhoji diwani." Si unyenyekevu wa kujifanya. Watu wamezoea kuona maiki ikielekezwa kwa mwenye cheo, na yule asiye na cheo huelekezewa pale tu anapofikwa na msiba, mafuriko au moto, aulizwe anajisikiaje. Niliacha kuwaambia watu kwamba wao ni muhimu, kwa kuwa neno hilo huwatia shaka zaidi. Badala yake huwaomba wanifundishe kitu kimoja: jinsi ya kumtambua changu aliyelala kwenye barafu siku mbili, jinsi ya kushona marinda ya sare yasifumuke, jinsi ya kupakia mkokoteni usielemee nyuma. Mtu akiombwa kufundisha kazi yake hasemi tena kwamba hana la kusema.

La pili ni salamu. Mwongozo niliousoma ulishauri kwamba dakika ya kwanza ndiyo inayomkamata msikilizaji au kumpoteza, kwa hiyo nilikuwa nikizikata salamu zote na kuanza na sentensi kali kuliko zote katika mazungumzo. Bibi mmoja wa Chumbageni, ambaye mjukuu wake humwekea vipindi vyangu kila vinapotoka, alimtuma mjukuu huyo aje dukani kuniambia: "Mwambie anaingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi." Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Nikasikiliza upya kipindi nilichokuwa nimekihariri wiki hiyo, nikamsikia mama wa miaka sabini akianza ghafla kusimulia jinsi alivyoachika, bila mtu yeyote kumpa shikamoo, na nikaona haya. Sasa shikamoo hubaki, marahaba hubaki, habari za nyumbani na za watoto hubaki, hata zikichukua dakika moja na nusu. Salamu kwetu si utangulizi wa mazungumzo tu. Ndimo mtu anamopima anazungumza na nani, mtoto wa nani, aliyelelewa vipi, na ni kiasi gani amfungulie mlango.

La tatu ni swali lenyewe, na hili nilifundishwa na mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake. Historia ya mkonge wa Tanga inaanza kusimuliwa kwa Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na imehifadhiwa hata idadi ya miche iliyofika hai, yaani 62. Watu waliokuja baadaye kuikata kutoka kusini, magharibi na nchi za jirani hawakuhifadhiwa hivyo. Walipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Baba wa mzee huyu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima, nimesoma habari za kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na habari za kuanguka kwa bei, na swali langu la kwanza likawa pana kama shamba lenyewe: maisha ya mashambani yalikuwaje? Akajibu kwa adabu, "Yalikuwa magumu, lakini tunamshukuru Mungu." Nikauliza kuhusu mabadiliko aliyoyaona. "Mengi," akasema. Tukaenda hivyo dakika kumi, kila swali langu likirudi na jibu la mtu anayemsaidia mtoto kumaliza kazi ya shule.

Kwa kukata tamaa nikamuuliza, "Babu, asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, ulikuwa ukivaa nini?"

Akaitazama miguu yake. Akasema katambuga, za tairi la lori, si za tairi la gari dogo, kwa kuwa mwiba wa mkonge hupenya tairi jembamba. Akasema gunia kiunoni, kwa ajili ya utomvu, maana utomvu wa mkonge unawasha, na ukikaukia kwenye suruali hiyo suruali inakuwa kama ubao. Kisha akanyanyuka kwenye kiti, waya wa maiki ukamvuta, akaanza kukata mkonge usiokuwapo katikati ya katoni zangu za karatasi: mkono wa kushoto unashika jani, wa kulia unapitisha kisu chini, halafu, upesi, ncha inakatwa kabla ya jani kulazwa, kwa sababu ile ncha imewatia watu upofu. Majani thelathini, tita moja. Alifunga tita hewani kwa vidole ambavyo haviwezi tena kunyooka vyote. Akanieleza korona, mashine kubwa ya kuchakata majani, ambayo mngurumo wake ulisikika hadi kambini na ambayo ikinyamaza ghafla kila mtu aliacha alichoshika, kwani huenda imemshika mtu mkono. Baadaye kijana mmoja aliniuliza kwa nini mzee anaiita mashine jina la ugonjwa. Nilimjibu kwamba jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu wa mkonge miaka mingi kabla ya ugonjwa, na nikafurahi sana kwamba swali hilo limeulizwa mwenye jibu angali hai.

Ndipo tukafika kwenye kipande. Wakati wa manamba mfanyakazi alipewa kadi ya siku thelathini, kila siku aliyomaliza kazi ikatiwa alama, na mshahara ukalipwa kadi ikijaa. Mzee akasema, "Baba alipofariki, kipande chake kilikuwa na siku ishirini na sita." Akanyamaza.

Nilikuwa na swali mdomoni. Nilikuwa na pole mdomoni pia, na pole ni neno zuri, lakini nilihisi kwamba nikilitamka litaifunga habari kama mtu anayefunga mlango taratibu. Sikusema kitu. Nilipohariri niliona ukimya ule kwenye kioo cha kompyuta, mstari mnyoofu wa sekunde kumi na moja, na kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kufuta kama kilivyozoea. Baada ya sekunde hizo mzee alisema, "Zile nne nilizimaliza mimi." Alikuwa na miaka kumi na minne. Sekunde zile niliziacha zote. Naamini kwamba aliyezisikiliza alizisubiri pamoja nasi.

Nimeona wanaohoji wengi wakiogopa ukimya, nami nilikuwa miongoni mwao. Tunauona ni aibu ya mwenyeji, kama sahani tupu mbele ya mgeni. Lakini mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo fulani maishani mwake hawezi kuwa na jibu lililo tayari. Analitafuta pale pale, na kulitafuta kunachukua muda. Anayejibu haraka kila swali ni yule aliyekwisha kuhojiwa mara nyingi.

Sasa nisimulie kosa lenyewe. Mhusika ameniruhusu kulisimulia kwa sharti kwamba nisimtaje, nisilitaje soko lake, na baadhi ya mambo niyabadilishe, nami nimefanya hivyo.

Ni mama anayekaanga samaki. Alikuwa mgeni wa tisa, na nilikuwa nimeanza kujiamini. Nilikuwa nimeacha kumhoji mtu kama karani. Nilimfuata mgeni kwenye kazi yake, nikakaa chini kama alivyokaa, nikamsaidia kuparua samaki, nikanywa chai yake. Karai lilikuwa likitoa mlio mzuri na niliufurahia. Katikati ya habari za bei ya mafuta akaniambia, huku akicheka, kwamba mtaji wa kwanza aliupata kwa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, kwamba rejesho lilikuwa la kila siku, kwamba siku ambazo samaki hawakutoka alikopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza, na kwamba baba watoto hadi leo hajui. Nilicheka naye. Nikamuuliza ilikuwa kiasi gani, akanitajia. Nikauliza aliwezaje kuficha, akanieleza hilo nalo, kwa ustadi na fahari ya mtu aliyevuka mto mkubwa bila kuzama. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote, nami nikaiweka mwanzoni mwa kipindi.

Kipindi kilitoka Ijumaa. Jumatatu mumewe alikisikia kijiweni, kwenye simu ya mtu mwingine, mbele ya watu.

Alikuja dukani Alhamisi. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akasubiri wateja waishe, kama mtu aliyekuja kuchapiwa barua. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nilikuambia wewe. Sikuuambia mtaa." Nilimwomba radhi na nikakiondoa kipindi saa ile ile mbele yake, lakini sote wawili tulijua kwamba hilo halikuwa na maana kubwa, maana faili dogo la megabaiti 14, lile nililojivunia kwa wepesi wake, lilikuwa tayari linapita kwenye makundi ya WhatsApp ambayo sina ufunguo wake. Nilikwenda nyumbani kwao nikiwa na shangazi yangu, kwa kuwa haiendwi kuomba radhi kwa watu wazima peke yako. Mzee wa nyumba alitupokea na alitusikiliza. Ndoa haikuvunjika, namshukuru Mungu, lakini yule mama alikaa wiki tatu bila kuwasha karai, na wiki hizo tatu ni mimi niliyezichukua.

Kwa muda mrefu nilikuwa na utetezi moyoni. Alikuwa ameridhia. Nina sauti yake mwanzoni mwa faili ikisema, "Rekodi tu, mwanangu, mimi sina siri." Nimeifikiri sentensi hiyo mara nyingi na sasa naona kwamba ridhaa inayotolewa kabla ya mazungumzo ni ridhaa ya jambo ambalo bado halijulikani. Aliridhia kuzungumza juu ya samaki. Hakuna aliyemuuliza, baada ya kusema alilosema, kama lile nalo limo. Tena kuna jambo zito zaidi ambalo hakuna mwongozo ulionionya juu yake. Yale yote niliyojivunia kujifunza, kukaa chini, kuparua samaki, kunywa chai, kucheka pale anapocheka, ndiyo yaliyomsahaulisha kwamba kuna simu kati yetu. Kadiri ninavyozidi kuwa msikilizaji mzuri, ndivyo mgeni anavyozidi kunifungulia, na ndivyo anavyozidi kuhitaji mtu wa kumlinda. Mtu huyo hawezi kuwa yeye, kwa sababu wakati ule anazungumza na mimi. Ni lazima niwe mimi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masuala ya ridhaa katika vifungu, na niliisoma kwa makini nilipoipata. Hata hivyo utaratibu ninaoufuata sasa ulitokana na yule mama. Hakuna kipindi kinachotoka kabla mgeni hajakisikia chote, mwanzo hadi mwisho, kikiwa kimehaririwa, na si peke yake tu: humwomba amwite mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini asikilize naye, kwa sababu mwenye habari huwa ameizoea na hausikii uzito wake. Baada ya hapo husubiri siku saba. Atakalotaka litolewe hutolewa bila kuulizwa sababu. Wenzangu wawili wanaofanya kazi kama hii wameniambia kwamba ninaua vipindi kwa namna hiyo, kwamba wageni watatoa kila kilicho kitamu. Uzoefu wangu haukuwa hivyo. Wageni hutoa machache sana, na mara nyingi siyo yale ninayoyatarajia.

Yule mzee wa mkonge alirekodiwa baada ya utaratibu huu kuanza. Nilikwenda kumsikilizisha nyumbani kwake, akiwa na binti yake, na nilikuwa nimejiandaa kupoteza ile habari ya kipande. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sekunde kumi na moja zikapita tena, mara hii mbele ya binti yake, ambaye hakuwahi kuisikia habari hiyo. Tulipomaliza, alitaka kitu kimoja tu kitolewe: jina la nyapara aliyekuwa akiwapiga. Nikamuuliza kama anamwogopa. Akasema nyapara amekwisha kufa zamani, "lakini wajukuu zake wanakaa mtaa wa pili, na ni watoto wazuri, wananiamkia kila siku." Nilikuwa nimelihariri jina hilo kwa uangalifu mkubwa, nikidhani ndilo litakaloipa simulizi uzito wa ushahidi. Nililitoa, na wajukuu wale wanaendelea kumwamkia.

Kuna jambo jingine dogo ninalowafundisha wageni wote sasa kabla ya kubonyeza kitufe. Nawaonyesha maiki na kuwaambia kwamba wakati wowote wakitaka kuniambia jambo ambalo ni letu wawili, wasihangaike kuniomba nizime. Waifunike tu kwa kiganja, waseme, kisha waifunue. Kiganja hakizuii sauti kabisa, nami huwaambia hilo pia. Ila huacha mvumo mzito kwenye kurekodi, na nikiusikia ninapohariri najua kwamba hapo hapaguswi, na hufuta kabla ya kusikiliza.

Mwaka uliopita yule mama aliniita mwenyewe. Alisema kuna mambo ya samaki ambayo hakuyamaliza, na kwamba mumewe anajua na ameridhia. Nilikwenda na maiki ile ile, nikakaa kwenye kigoda kile kile. Alinifundisha jinsi ya kujua mafuta yamefika moto kwa kudondoshea tone la maji ya ndimu, na kwa nini jodari hukatwa kukingama ilhali kibua hupasuliwa mgongoni. Tukafika kwenye habari ya mtaji. Akanitazama, akanyoosha mkono wenye chumvi, akaifunika maiki kifuani mwake, akanisimulia. Alipomaliza akaondoa kiganja, akageuza samaki, akaendelea na bei ya mafuta ya kupikia.